Farasi anauma mlango na kufyonza hewa usiku kucha. Mkanda wa shingoni ni dawa kweli?

Saisi_Mufindi

Kamwene wote. Naandika kutoka Mufindi, huku kwenye chai. Naomba mnisome hadi mwisho maana jambo hili limeninyima usingizi.

Mimi ni saisi. Kazi nimeirithi kwa marehemu baba, na mwaka huu natimiza miaka 11 nikitunza farasi wa mzee mmoja mwenye shamba. Walikuwa watatu: Duma, Kahawia na Nyota. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja Duma na Kahawia waliuzwa. Siku lori lilipowachukua, Nyota alikimbia ndani ya ua kutoka kona hadi kona, akilia, mpaka jasho likamtoa povu kifuani. Jioni akasimama kwenye ile kona lori lilipopotelea. Nikampelekea ndoo ya maji palepale, hakuigusa mpaka kulipokucha.

Mvua zikaanza, bosi akaagiza Nyota asitoke. Simlaumu moja kwa moja. Anaogopa ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma, maana kuna jirani alipoteza farasi kwa siku mbili tu, akifa povu jeupe likimtoka puani. Basi Nyota akabaki bandani. Banda ni hatua zangu nne kwa nne. Anatoka saa moja kwa siku, tena kama nimepata nafasi, kwa sababu nakamua ng'ombe pia. Chakula chake ni pumba za mahindi na mashudu ya alizeti asubuhi na jioni, na nyasi kidogo.

Mwezi wa pili usiku mmoja nikasikia kitu kinagonga. Mara ya kwanza nilidhani ni wezi wa mbao. Nikachukua tochi nikaenda kwa kunyata. Nikamkuta Nyota ameshika ubao wa juu wa mlango kwa meno ya mbele, amekaza shingo mpaka misuli ya kooni imesimama kama kamba za katani, anavuta kwa nyuma, na koo linatoa mguno mfupi kama wa mtu aliyenyanyua gunia. Anaachia, analamba ubao, anashika tena. Macho kayafumba nusu. Nilimwita jina, sikio moja likanigeukia, mdomo haukuacha. Nikakaa juu ya ndoo nikahesabu. Ndani ya saa moja alifanya mara 190, kisha nikachoka kuhesabu, yeye hakuchoka.

Ubao ule ni wa mlingoti, mgumu kweli, lakini sasa umechimbika kama kinu. Meno yake ya mbele yamelika upande wa nje. Amepungua mbavuni.

Wenzangu shambani wanasema amelogwa, wengine wanasema ni tabia mbaya, apigwe. Bosi kaambiwa na mgeni wake kwamba kuna mkanda wa ngozi wenye chuma, unafungwa kooni kwa kubana, farasi akikaza shingo unamuumiza, basi anaacha. Tayari ameshaagiza, unafika mwisho wa mwezi, na mimi ndiye nitakayemfunga.

Nimemjua Nyota tangu ana miaka mitatu. Mkono wangu ukimfunga kitu cha kumuumiza nataka niwe na hakika kwamba ndiyo tiba. Je, huu ni ugonjwa? Mkanda unasaidia? Na mimi mtu wa mshahara nitaanzaje kumwambia bosi?

Mkulima_Mafinga

Pole ndugu. Mbuzi wangu alikuwa anakula mlango wa banda, nikapaka oili chafu ya trekta iliyochanganywa na pilipili kichaa. Siku tatu hakurudia. Jaribu, haina gharama.

Daktari_Mifugo_Uyole

Kaka Saisi, habari za huko. Nianze na hili la haraka: oili chafu usipake. Mkulima najua umeshauri kwa nia njema, lakini ile oili ina vyuma ndani yake, na farasi huyu analamba ubao kila anapouachia. Ataimeza yote. Na kumbukeni farasi hawezi kutapika. Kikiingia kimeingia. Hata pilipili peke yake haitibu kitu, ataacha mlango ahamie kwenye ukingo wa hori.

Sasa Nyota. Mimi nimesomea pale Morogoro, SUA, chuo kikuu cha kilimo, na wagonjwa wangu wengi ni ng'ombe wa maziwa, lakini huku juu kuna farasi wachache na nimewatibu. Kule mabondeni kwenye mbung'o hawakai, ndiyo maana wengi wetu tumekua bila kumwona farasi kwa karibu, na tunamlisha kama ng'ombe. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Ng'ombe anakula, analala, anacheua. Farasi hacheui. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 hivi, na linatoa tindikali usiku na mchana, awe amekula au hajala. Kinachoipoza ile tindikali ni mate, na mate ya farasi hutoka anapotafuna tu. Ukimwacha malishoni anakula polepole kama saa 16 kwa siku, kwa hiyo mate yanashuka karibu muda wote. Kilo moja ya nyasi kavu inamchukua kama dakika 40 kuitafuna. Kilo moja ya nafaka ni dakika 10 tu. Piga hesabu ya Nyota: pumba asubuhi zimeisha kabla hujamaliza kukamua, nyasi kidogo zimeisha, halafu anasimama mpaka jioni na tumbo linalochoma, hana cha kutafuna na hana wa kumsogelea.

Anachofanya ni kutafuta nafuu. Hajalogwa, na siyo ukorofi. Wapo walioangalia kwa eksirei miaka ya 1990 wakakuta ile hewa haimezwi yote kama tunavyodhani, inaingia juu ya koo na sehemu kubwa inarudi. Kwa hiyo "amejaza hewa tumboni" siyo maelezo sahihi. Ila ubao unampa kitu: mdomo unafanya kazi, na moyo unatulia kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyejigundulia.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kufuatilia farasi wadogo 225 kwa miaka minne. Waliokuja kuuma mbao na kufyonza hewa walikuwa kama 1 katika kila 10, na wengi walianza wakiwa na umri wa wiki 20 hivi, muda si mrefu baada ya kuachishwa ziwa. Waliopewa vyakula vya nafaka baada ya kuachishwa walikuwa na hatari mara nne zaidi. Kwa hiyo Nyota anaweza kuwa alishaanza mapema kabla hajafika kwako, akaacha alipopata wenzake na malisho, na sasa kidonda cha zamani kimetoneshwa.

Kuhusu mkanda. Unazuia mdomo, hauondoi sababu. Farasi waliozuiwa kwa muda, walipoachiliwa waliuma zaidi ya mwanzo. Mimi nisingemfunga. Afadhali umwachie ubao mmoja ulio salama, uuzungushie mpira wa tairi la baiskeli ili meno yasiendelee kulika, kuliko kumnyang'anya kitu pekee alichonacho.

Uniambie: anasaga meno? Analala na kuangalia ubavu baada ya kula? Kinyesi kikoje? Na hizo "nyasi kidogo" ni kilo ngapi? Pima, usikadirie.

Mama_Punda_Chimala

Mwanangu Saisi, pole sana. Mimi sina farasi. Nina punda sita, wanabeba mpunga wetu kutoka mashambani huku Usangu. Lakini niliposoma ile habari ya kusimama kwenye kona lori lilipopotelea, machozi yalinilenga, kwa sababu nimeiona kwa macho yangu.

Nilikuwa na punda wawili majike, Bahati na Chausiku, walikuwa pamoja tangu wadogo. Bahati akaumwa na nyoka akafa usiku. Wanangu wakamburuta wakamzika kabla hakujapambazuka, Chausiku hakumwona. Siku ile alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ya tatu hajala. Yule bwana mifugo aliyekuja aliniambia neno sijalisahau, kwamba punda akigoma kula, mafuta ya mwilini yanaingia kwenye damu na yanaweza kumuua kabla njaa haijamuua. Akaniambia pia ningemwacha Chausiku akae na mwenzake aliyekufa saa moja au mbili, amnuse, aelewe. Sikujua. Nilimletea majani kwa mkono, tonge kwa tonge kama mgonjwa, siku nane, na nikamhamishia mbuzi wawili zizini. Akapona.

Sasa huyo Nyota wako wameondoka wenzake wawili siku moja, na mvua imemfungia ndani palepale. Hata mtu angeuma mlango. Mtafutie mwenza. Kama farasi ni ghali, punda huku kwetu siyo ghali hivyo. Mwambie bosi wako bei ya punda na bei ya mkanda, achague.

Fundi_Kwato

Saisi mwenzangu, salama? Nimefanya kazi ya kwato na mazizi Nairobi miaka saba, kwenye farasi wa mbio, kabla sijarudi Njombe. Kule haya mambo niliyaona kila siku, kwa sura tofauti. Kuna anayeuma mbao kama Nyota. Kuna anayezunguka banda mpaka sakafu inachimbika njia ya duara. Na kuna anayeyumba: anasimama mlangoni, kichwa kinakwenda kulia, kushoto, kulia, kushoto, na uzito unahama mguu hadi mguu. Huyu wa kuyumba ananiuma zaidi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naona kwato. Zinalika vibaya, viungo vya mbele vinachoka, halafu mtu anamuuliza fundi "mbona anachechemea?"

Nilikuwa na mmoja, dume mwekundu, akiona tu ndoo zinatoka stoo anaanza. Walimwekea vyuma vyenye umbo la V mlangoni ili kichwa kisipate nafasi. Akarudi nyuma ya vile vyuma, akaendelea kuyumba ndani gizani. Baadaye saisi mmoja mzee akaomba ruhusa ya kutoboa ukuta upande wa jirani, dirisha la kichwa tu, apate kugusana pua na mwenzake. Nilisimama pale siku ile. Yule dume alitoa kichwa, wakanusana, akapumua kwa nguvu mpaka vumbi likaruka kwenye kizingiti. Kuyumba hakukwisha, lakini kulipungua hata mpita njia angeona. Na wapo waliojaribu kioo cha kujitazama bandani kwa farasi asiye na jirani, ikaonekana anayumba kidogo zaidi, maana anaona "mtu". Kama punda atachelewa, kioo ni cha kuanzia, ila kiwe cha plastiki kisichovunjika na kifungwe kisawasawa.

Jambo jingine dogo lenye faida. Nyasi usizimwage chini rundo moja. Suka wavu wa kamba wenye matundu madogo, kama upana wa vidole vitatu, uutundike. Badala ya kumaliza kwa saa moja atachomoa jani kwa jani saa tatu nne. Utundike juu, usawa wa macho yake, maana wavu ukiisha unashuka na mguu unaweza kunasa.

Na kama una farasi au ng'ombe wanaolishwa anapoona, mpe yeye kwanza. Ile kusubiri ndoo ndiyo inayowasha moto.

Saisi_Mufindi

Ndugu zangu, ahsanteni. Mama wa Chimala, shikamoo, maneno yako nimeyasoma mara tatu.

Daktari, nimefanya kama ulivyosema. Nyasi nimezipima kwa ile mizani ya kuning'iniza wanayopimia majani ya chai. Mimi nilikuwa najiambia nampa nyingi. Zimetoka kilo tatu na nusu kwa siku nzima, asubuhi na jioni kwa pamoja. Nilirudia kupima nikidhani mizani ni mbovu.

Meno hasagi. Kinyesi ni vidonge vidogo, vikavu. Baada ya pumba ndipo anapouma mlango kwa fujo kuliko muda mwingine wote, hilo nimeliangalia siku nne mfululizo. Juzi aligeuka akaangalia ubavu wa kushoto mara mbili akapiga mguu chini, kisha akaacha.

Pumba nampa ndoo mbili ndogo na mashudu kilo moja. Huyu Nyota ana kilo 450 kwa makadirio ya ule utepe wa kifuani.

Daktari_Mifugo_Uyole

Umefanya kazi nzuri kuliko wengi. Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo 9 za nyasi kavu kwa siku. Unampa chini ya nusu. Huyo ana njaa ya kutafuna, na namna unavyoeleza yale ya baada ya pumba, nahisi ana vidonda vya tumbo. Kuthibitisha kunahitaji kamera ya kupitisha puani mpaka tumboni, na huku hatuna. Dawa ya omeprazole inatumika kwa farasi, lakini usinunue ya binadamu ukakadiria mwenyewe. Nitumie ujumbe tupange nije nimwone na meno yake pia. Akipiga mguu na kuangalia ubavu tena, akalala na kuinuka au akakosa kunya, usisubiri asubuhi, nipigie usiku huohuo. Waumaji mbao wana aina moja ya msokoto wa tumbo inayowapata zaidi ya wengine, utumbo unapenya kwenye tundu karibu na ini, na hiyo ni ya upasuaji.

Pumba zipunguze polepole, robo kila siku tatu, usikate ghafla. Sababu ya pili ya kuzipunguza: pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Farasi anayelishwa pumba kwa miaka mifupa ya uso inavimba na kulainika. Wazungu wa zamani waliuita ugonjwa wa farasi wa kinu, kwa sababu waliokuwa wakilishwa pumba za kinuni ndio waliokuwa wakiupata. Majani ya setaria nayo yanafunga kalsiamu, kwa hiyo yasiwe chakula chake peke yake. Nyasi za Rhodes ni nzuri.

Na kuhusu usubi. Bosi wako yuko sahihi kuogopa, ule ugonjwa unaua. Lakini usubi unauma zaidi kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri. Kwa hiyo usiku awe ndani, na mchana, jua likishapanda, atoke. Ameubebesha mchana makosa ya usiku. Mwambie hivyo kwa adabu: "Mzee, nataka tumlinde na usubi vilevile, ila mchana aone jua." Hapo humpingi, unamsaidia kulinda mali yake.

Mama yetu wa Chimala amesema kweli kuhusu mwenza. Ila punda asiingie moja kwa moja. Punda hubeba minyoo ya mapafu bila hata kukohoa, farasi akiipata anakohoa miezi. Apewe dawa ya minyoo kwanza, akae kando wiki mbili tatu, ndipo muwakutanishe juu ya ua kabla ya kuwaweka pamoja.

Fundi_Kwato

Niongeze moja, maana naona huko Mufindi na kwetu Njombe kila mtu siku hizi anapanda parachichi. Mkipogoa, matawi msiyatupe kwenye ua wa farasi. Majani ya parachichi ni sumu kwake. Kichwa na midomo vinavimba, anapata msokoto. Na farasi mwenye njaa ya kutafuna hachagui.

Mkulima_Mafinga

Daktari nimekuelewa kuhusu oili, nimefuta hata kwa mbuzi. Saisi, nina Rhodes niliyofunga marobota mwezi wa nne, kama 60. Nikikuuzia kwa bei ya shambani utakuja na gari?

Saisi_Mufindi

Narudi baada ya wiki saba. Samahani kwa kukaa kimya, nilitaka niwe na la kusema.

Nilimwendea bosi jioni, akiwa amekaa barazani, nikiwa na karatasi. Nilikuwa nimeandika siku kumi za kuhesabu: saa, alichokula, mara alizouma ubao. Sikuanza na mkanda. Nilianza na kilo tatu na nusu. Akanyamaza muda. Akaniuliza, "Nyie mnampa kidogo hivyo kwa nini?" Nikamjibu ukweli, kwamba ndivyo tulivyokuwa tunagawana robota moja kwa farasi watatu walipokuwa wakishinda malishoni, na walipobaki ndani hakuna aliyebadilisha. Mimi pia sikubadilisha. Hilo nilimwambia bila kuficha.

Mkanda ulifika. Upo stoo ndani ya boksi lake. Hakuniambia niufunge na sikuuliza.

Mkulima wa Mafinga alituuzia marobota 40, ahsante kaka, ni makavu na yananukia vizuri. Nyota anakula kilo 9 sasa, nusu kwenye wavu niliousuka mwenyewe, nusu malishoni. Anatoka saa tatu asubuhi ukungu ukishaachia, anarudi saa kumi na moja jioni. Siku ya kwanza kutoka mchana kutwa hakukimbia. Alisimama katikati ya uwanja, akainamisha kichwa, akaanza kukata nyasi: kra, kra, kra, hatua moja, kra, kra. Nilikaa kwenye kisiki nikasikiliza ile sauti mpaka miguu ikafa ganzi. Miezi minne nilikuwa nasikia mguno tu.

Daktari alikuja, akasawazisha ncha za meno ya nyuma zilizokuwa zinamchoma shavu, akampa dawa ya tumbo. Ule ulemavu wa meno ya mbele haurudi, amesema.

Punda amepatikana kupitia kwa mama wa Chimala, anaitwa Subira. Alikaa kando siku 20. Siku ya kuwakutanisha, Nyota alinyoosha shingo juu ya ua, pua zikakutana, Subira akageuka akampiga teke la hewani. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tano niliwakuta wamesimama ubavu kwa ubavu, kichwa kwa mkia, Nyota anamkuna Subira mgongoni kwa yaleyale meno aliyokuwa anaumia mlango.

Sasa niwaambie na upande wa pili, maana nisingependa mtu asome hapa adhani yamekwisha. Bado anauma. Usiku ule wa kwanza kabisa ilikuwa 190 kwa saa. Wiki iliyopita, saa hiyohiyo ya usiku, nilihesabu 31, na usiku wenye wavu uliojaa 12. Lakini ndoo ya asubuhi ikitoka stoo, hata ikiwa na konzi mbili tu za kuchanganyia dawa, anakwenda palepale kwenye ubao wenye mpira na kuanza. Daktari ameniambia kwamba kwa farasi wa umri wake inaweza isiishe maisha yake yote, hata akiishi vizuri. Niliumia kusikia. Halafu nikamwekea ule mpira mpya, mnene zaidi.

Bosi naye ameanza kuja jioni kumwangalia. Juzi aliniuliza kama tukipata farasi mwingine, tumweke banda la pembeni tukatoboa dirisha. Fundi Kwato, dirisha la kichwa mlilotoboa kule lilikuwa na kimo gani kutoka chini, na mliwekaje kingo ili asianze kuliuma na lenyewe?

Fundi_Kwato

Ndugu yangu, nimefurahi mpaka nimemwita mke wangu asome. Kimo tuliweka usawa wa kifua cha farasi kwa chini, upana unaotosha kichwa na shingo bila bega. Kingo tulipiga bati la pembe, ncha zikakunjwa ndani zisikate. Ukimaliza kupima Nyota nitumie kimo chake, nikija huko mwezi ujao kwa kwato zake tutaitoboa pamoja. Usianze kugonga ukuta akiwa ndani.